Lawama za Mmoja, Kazi ya Watano

Barua nne tulizochagua safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaofuatilia futiboli ya Marekani, na zote zinazunguka jambo moja: kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, anayecheza nyuma ya wazuiaji dhaifu, wale watano wanaomkinga. Tumezifupisha bila kubadilisha maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni msimu wangu wa tatu kuifuatilia ligi ya NFL. Kwotabeki wa timu ninayoishabikia alisifiwa mno msimu uliopita, lakini sasa pasi zake zinapaa juu ya vichwa vya wapokeaji, anaangushwa kila mara kabla ya kuachia mpira, na mashabiki wenzangu wanataka awekwe benchi. Rafiki yangu anashikilia kwamba kosa ni la wale watano wanaosimama mbele yake. Je, hiyo ni hoja au ni kisingizio? Mtu mwenye mkono uleule anawezaje kusahau kurusha mpira ndani ya miezi michache?

JIBU: Ndugu msomaji, mkono haujasahau kitu. Kilichopungua ni muda na nafasi, na kwotabeki aliyenyimwa hivyo viwili huonekana mtu wa kawaida sana hata kama kipaji chake kiko palepale.

Tuutazame kwanza ukuta wenyewe. Katikati husimama senta, ambaye huupitisha mpira kati ya miguu yake kumpa kwotabeki. Ubavuni mwake wapo wazuiaji wawili wa ndani, mmoja kila upande, na ncha zote mbili hushikwa na wazuiaji wa pembeni. Ni wanaume wa kilo 140 hivi kila mmoja, ambao kwa kawaida kanuni haziwaruhusu kupokea pasi, na ambao mtangazaji huwataja zaidi pale wanapokosea. Mzuiaji anaruhusiwa kumsukuma mvamizi, yaani mpinzani anayetaka kumfikia kwotabeki, kwa viganja, lakini akimkumbatia au kumvuta jezi, timu yake inarudishwa yadi 10, kwa hiyo mzuiaji aliyezidiwa ana machaguo mawili tu, na yote mawili ni mabaya.

Kwa wastani, kwotabeki wa NFL huachia mpira kati ya sekunde mbili na nusu na tatu baada ya kuupokea, na michezo ya pasi hupangwa kwa hesabu hiyo. Mfikirie kwotabeki anayerudi nyuma hatua tano. Mguu wake wa nyuma unapokanyaga hatua ya mwisho, mpokeaji aliyekimbia yadi 12 anakuwa ndiyo kwanza anajiandaa kugeuka, na mpira unatakiwa uondoke mkononi kuelekea mahali ambapo mpokeaji huyo bado hajafika. Sasa mzuiaji wa ndani anasukumwa kinyumenyume mpaka kisogo chake kinakaribia kifua cha kwotabeki. Hakuna aliyeanguka na hakuna takwimu itakayoandikwa, lakini kwotabeki hana tena pa kuweka mguu wake wa mbele, na nguvu ya pasi hutoka katika mguu huo na nyonga kabla ya kufika mkononi. Akirusha akiwa amesimama wima, au akiwa ameegemea nyuma ili asigongwe vidole, mpira unapaa. Hizo ndizo pasi unazoziona zikipita juu ya vichwa.

Jambo la pili ni macho, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi. Kwotabeki anayeuamini ukuta wake hutazama mbali. Huwasoma mabeki wa nyuma, humtazama mpokeaji wa kwanza, akimkuta amebanwa huenda kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Asiyeuamini hushusha macho na kuanza kuwatazama wavamizi, na mara anaposhusha macho mchezo umekwisha, kwa sababu yule mpokeaji wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyeachwa peke yake, hamwoni kabisa. Tabia hii ikishaota mizizi haiondoki upesi. Utamwona anakimbia kutoka mahali salama, au anatupa pasi fupi isiyofika popote katika mchezo ambao hakuna hata mvamizi mmoja aliyemkaribia, na mashabiki watasema ni mwoga, ilhali mwili wake unakumbuka tu vipigo vya wiki zilizopita.

Mfano ambao watu wa mchezo huu huurudia ni wa David Carr. Timu ya Houston Texans ilipoanza kucheza mwaka 2002 ilimchagua Carr wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote wapya wa mwaka huo. Timu ilijua kwamba atahitaji kinga, na ilikuwa imemchukua Tony Boselli, mzuiaji wa pembeni aliyekuwa miongoni mwa bora katika ligi, lakini bega lake lilikuwa limeumia na hakuwahi kuichezea Houston hata mchezo mmoja. Carr aliangushwa mara 76 katika msimu wake wa kwanza, idadi ambayo haijafikiwa na kwotabeki mwingine yeyote katika msimu mmoja. Ni karibu mara tano katika kila mchezo. Mwaka 2005 akaangushwa mara 68. Alipoondoka Houston baada ya misimu mitano alikuwa ameangushwa mara 249, na miaka yake iliyobaki katika ligi aliitumia zaidi akiwa mchezaji wa akiba. Siwezi kuapa kwamba nyuma ya ukuta mwingine angekuwa nyota, ila nina hakika kwamba hatukupata kumwona Carr mwenyewe hasa.

Kuhusu hiyo miezi michache uliyoitaja, chunguza kama timu yako imepoteza mzuiaji mmoja, kwa kuumia au kwa kuhamia kwingine. Watano hawa hucheza kama mtu mmoja. Wavamizi wawili wanapopishana makusudi, huyu akienda ndani na yule akizunguka nje, wazuiaji wanatakiwa kukabidhiana bila kusemezana, na maelewano hayo hujengwa kwa kusimama bega kwa bega wiki baada ya wiki. Akiingia mgeni upande wa kushoto, jirani yake huanza kumwangalia na kumsaidia, na katika kumsaidia huacha uwazi upande wake. Ndiyo maana jeraha la mtu mmoja huonekana kama jeraha la watu watatu.

SWALI: Mbona Joe Burrow wa Cincinnati Bengals aliangushwa mara tisa katika mchezo mmoja na bado akashinda? Nadhani kwotabeki wa kweli hasubiri kulindwa.

JIBU: Mchezo unaoukumbuka ni ule wa mtoano dhidi ya Tennessee Titans wa Januari 2022, ambao Bengals walishinda 19 kwa 16. Tena unaweza kuongeza uzito katika hoja yako, kwa kuwa msimu huo wa 2021 Burrow aliangushwa mara 51 kabla hata ya mtoano kuanza, na bado aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika, 70.4. Ipo kweli tofauti kati ya mtu na mtu. Wapo wanaogongwa, wakainuka, wakajipangusa majani na kurusha pasi inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, na Burrow ni mmoja wao.

Lakini hadithi hiyo usiikatishe Tennessee. Wiki chache baadaye Bengals walikuwa katika fainali ya Super Bowl dhidi ya Los Angeles Rams, na Burrow aliangushwa mara saba. Zikiwa zimebaki sekunde zisizofika hata dakika moja, Bengals walikuwa nyuma kwa 23 kwa 20, wakiwa na jaribio la nne, ambalo ni la mwisho kabla ya kupoteza mpira, na yadi moja tu ya kutafuta. Mpokeaji wao hatari kuliko wote, Ja'Marr Chase, alimwacha beki wake ameanguka na akawa anakimbia peke yake kuelekea eneo la mwisho. Burrow hakuwa na nafasi ya kumtumia mpira. Mvamizi wa Rams, Aaron Donald, alikuwa amepenya katikati ya ukuta, akamkamata na kumzungusha, na mpira ukatoka mkononi kwa shida na kuanguka mahali pasipo na mtu. Ushujaa wa Burrow uliifikisha timu fainali, na yadi moja haukuitosha. Ningependa pia ukumbuke kwamba mwaka mmoja na ushee kabla ya hapo, Novemba 2020, alikuwa amekatika mishipa ya goti akiwa anarusha pasi huku wavamizi wakimwangukia miguuni. Kwotabeki asiyesubiri kulindwa huishia kusubiri hospitalini.

SWALI: Nikiwa mtazamaji wa kawaida, nitajuaje kama kosa ni la ukuta au ni la kwotabeki mwenyewe? Nyumbani kwetu ubishi huu hauishi.

JIBU: Ubishi wenu una sababu, maana takwimu ya kuangushwa humwandama kwotabeki huku ikiwahusu watu sita. Nitakupa njia ninayoitumia mimi, nayo ni kuacha kuufuata mpira. Mpira unapoanza kuchezwa, watazame wazuiaji na uhesabu polepole hadi tatu. Kama mvamizi amefika kabla hujamaliza mbili, kosa ni la ukuta, au ni la yule aliyeshindwa kuwapanga kabla ya mpira kuanza kuchezwa. Kama umefika tatu na kwotabeki bado anarukaruka na mpira mkononi, lawama inaanza kuhama. Dan Marino wa Miami Dolphins hakuwa na mbio hata kidogo, lakini msimu wa 1988 alirusha pasi 606 na kuangushwa mara sita tu. Ukuta wake ulikuwa mzuri, ndiyo, ila mkono wake uliachia mpira haraka kiasi kwamba wavamizi walikuta umeshaondoka. Na kinyume chake kipo: kuna makwotabeki wanaopenda kuzunguka wakitafuta pasi kubwa, na wazuiaji wao huonekana vibaya kuliko walivyo, kwa sababu hakuna mwanadamu anayeweza kumzuia mvamizi kwa sekunde tano bila kumshika.

Tazama vilevile shinikizo linatokea wapi. Watu wengi humsifu mzuiaji wa pembeni kushoto, kwa kuwa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia humpa kisogo mvamizi wa upande huo na hamwoni akija; kwa mwenye mkono wa kushoto, kama Tua Tagovailoa alivyokuwa Miami, mambo hugeuka na mlinzi wa kisogo huwa wa kulia. Hilo ni kweli, ila mvamizi anayetoka pembeni ana safari ndefu, na kwotabeki makini anaweza kupiga hatua moja au mbili mbele akamwacha apite nyuma yake. Anayetokea katikati hana safari yoyote. Anafika uso kwa uso, anaziba njia ya kusonga mbele, na akinyoosha mikono anaziba hata kuona. Ukiniuliza ni ufa gani unaouharibu mchezo wa kwotabeki upesi zaidi, nitakujibu wa katikati.

Halafu ipo njia ya uhakika zaidi, ambayo ni kumtazama mtu mmoja nyuma ya kuta tofauti. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs ametupa bahati hiyo. Februari 2021 aliingia katika Super Bowl bila wazuiaji wake wote wawili wa pembeni waliozoeleka, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, ambao walikuwa majeruhi. Tampa Bay Buccaneers walimshambulia mara nyingi kwa watu wanne tu, na kwa hesabu ya ESPN alishinikizwa mara 29. Ukiutafuta mchezo huo, litazame jaribio moja la nne katika robo ya mwisho. Mahomes anarudi nyuma, anakimbizwa, anajirusha mpaka mwili wake unalala hewani sambamba na majani, na akiwa katika hali hiyo anarusha pasi ndefu inayofika ndani ya eneo la mwisho na kumgonga mwenzake usoni, kwenye kofia. Mpira ukadondoka. Sijaona pasi bora kuliko hiyo ambayo haikuzaa kitu. Chiefs walifungwa 31 kwa 9, na Mahomes alimaliza bila tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho) hata moja na pasi zake mbili zikiwa zimenaswa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kansas City walikwenda wakajenga ukuta. Kabla ya msimu uliofuata walimsajili Joe Thuney, wakamchukua Orlando Brown kutoka Baltimore, na wakawachagua Creed Humphrey na Trey Smith kutoka vyuoni. Februari 2023 Mahomes alirudi fainali akiwa na kifundo cha mguu kilichotenguka, akakutana na Philadelphia Eagles ambao walikuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida, na usiku ule hawakumwangusha hata mara moja. Chiefs walishinda 38 kwa 35. Miaka miwili baadaye, Februari 2025, timu hizohizo zikakutana tena, safari hii Thuney akiwa amehamishwa kutoka ndani kwenda kuziba pengo la pembeni kushoto. Eagles walimwangusha Mahomes mara sita, na hadi mapumziko walikuwa wanaongoza 24 kwa 0. Ni mtu yuleyule, mwenye mkono uleule na kocha yuleyule. Nyumbani kwenu wakibisha, waonyeshe michezo hiyo mitatu kwa mfuatano.

SWALI: Kocha anaweza kuuficha ukuta mbovu kwa mbinu? Na kwa timu yenye kwotabeki wa mwaka wa kwanza, ni bora acheze nyuma ya ukuta huo ili ajifunze, au akae benchi kwanza?

JIBU: Anaweza kuuficha kwa kiasi, na kila namna ya kuuficha ina gharama yake. Hesabu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi. Timu pinzani ina wachezaji 11. Ikivamia kwa wanne, saba wanabaki kuzuia pasi. Wewe ukizuia kwa watano wa ukuta pekee, una wapokeaji watano wa kuwatafuta dhidi ya hao saba. Ukiona watano hawatoshi, ukawabakiza nyuma mkimbiaji na mpokeaji mwingine mmoja ili wasaidie kuzuia, wapokeaji wanaotoka ni watatu dhidi ya saba, na hata kwotabeki akipewa sekunde nne hataona mtu aliye huru. Ndiyo maana kile walichofanya Eagles mwaka 2025 kinawatisha makocha kuliko idadi yenyewe ya kuangushwa: mchezo mzima hawakuhitaji kutuma mvamizi wa ziada.

Njia nyingine ni pasi za haraka, zile za hatua moja na kuachia, ambazo humwokoa kwotabeki lakini huwafanya mabeki wasogee karibu kwa kuwa wanajua hakuna kitakachoruka juu yao. Ipo pia danganya toto ya kujifanya unampa mkimbiaji mpira, ambayo huwasimamisha wavamizi kwa nusu sekunde, ila itawadanganya tu ikiwa mkimbiaji wako anaogopwa, na mkimbiaji haogopwi pasipo ukuta. Mambo haya hushikana kwa pande zote mbili. Msimu wa 2014 ukuta wa Dallas Cowboys, uliokuwa na Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, ulimfungulia mkimbiaji DeMarco Murray njia ya yadi 1,845, na katika msimu huohuo kwotabeki wao Tony Romo aliongoza ligi kwa alama za ufanisi wa kurusha pasi. Wapinzani walikuwa na shughuli ya kumzuia Murray, na Romo akarusha kwa raha.

Juu ya kijana wa mwaka wa kwanza, wataalamu hawakubaliani, nami nina upande wangu. Wanaotaka acheze husema kasi ya ligi haifundishiki benchi, na ni kweli. Wanaotaka asubiri humtaja Mahomes, aliyekaa benchi nyuma ya kwotabeki Alex Smith karibu msimu wote wa 2017, akaanza mchezo mmoja tu wa mwisho, kisha mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50. Hata hivyo sababu ya kusubiri kwake haikuwa ukuta, na si haki kumtumia kama ushahidi kamili. Ninachokiogopa mimi ni yale mazoea ya macho niliyoyaeleza katika jibu la kwanza. Caleb Williams wa Chicago Bears, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2024, aliangushwa mara 68 katika msimu wake wa kwanza, baadhi kwa kosa la ukuta na baadhi kwa kung'ang'ania mpira. Chicago waliona hatari, na kabla ya msimu wa 2025 walileta wazuiaji watatu wa katikati kwa mpigo, akiwamo Thuney yuleyule wa Kansas City. Timu yenu kama haina mpango wa namna hiyo, ningemweka kijana benchi, nikamwacha mkongwe apokee vipigo, na nikamtumia kijana katika michezo ile tu ambayo wazuiaji wote watano wa kwanza wako wazima.